Kutoka Holili, Bahari Haiko Mbali

Muulize mtu wa Moshi njia ya kwenda baharini, atakuelekeza Dar es Salaam. Akijikuna kichwa kidogo, ataitaja Tanga. Dar iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Moshi mjini, na Tanga zaidi ya 300. Ni wachache watakaokuonyesha upande wa mashariki: upite Himo, ufike Holili, uvuke Taveta, uteremke Voi, uishie Mombasa. Na hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Kutoka mpakani Holili hadi kisiwani Mombasa ni takriban kilomita 270, lami mwanzo mwisho, na ukiwa na dereva mwenye adabu hazizidi sana saa tano.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu safari fupi niliyoifanya nikiwa nimekwama Holili. Sikukwama kwa ubaya. Nilikuwa nakwenda Nairobi kikazi, nikaona nipitie kwanza kwa shangazi nimsalimie, nilale, kisha niendelee na safari. Asubuhi simu ikaingia: kikao kimesogezwa mbele. Kurudi nilikotoka ilikuwa kupoteza nauli. Kuwahi Nairobi ilikuwa kulipia hoteli ya kukaa bure. Ikabaki kusubiri.

Shangazi alikuwa uani anapepeta maharage ya gulio. Nikamwambia, "Shangazi, twende Mombasa tukaione bahari."

Hakuinua hata kichwa. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Harusi?"

"Hakuna."

"Sasa tunakwenda kufanya nini, mwanangu?"

Nilicheka, lakini swali lake ni letu sote. Kwetu safari huwa na sababu zinazojulikana: msiba, harusi, biashara, na Krismasi ya kupanda nyumbani kuhesabiwa. Kwenda mahali kwa ajili ya kupaona tu ni mambo ya wageni wanaokuja kupanda mlima. Tena shangazi si mtu wa kukaa ndani. Kwa miaka mingi amekuwa akivuka mpaka siku za gulio la Taveta, Jumatano na Jumamosi, na magunia yake ya maharage na vitunguu. Anawajua wapagazi, madalali na wabadilisha fedha. Taveta anaijua kuliko anavyoijua Moshi mjini. Lakini barabara ile inayoendelea ng'ambo ya soko hakuwahi kuifuata. Soko lilikuwa mwisho wa dunia kwa upande ule.

Alikubali baada ya jirani kumhakikishia kwamba maharage yake yatauzwa kwa bei ileile.

Kwa gulio, watu wa mpakani wana utaratibu wao wa kupita. Kwa safari ya mbali kidogo inabidi pasipoti, au ile hati ya dharura ya kusafiria ambayo Watanzania wengi hukata wanapokwenda nchi jirani. Shangazi aliishika hati yake kwa mikono miwili mpaka dirishani. Tangu mwaka 2016 Holili na Taveta ni kituo kimoja cha pamoja cha mpakani. Ukitoka Tanzania hupangi foleni mara mbili. Unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Taveta, na humo unawakuta maofisa wa nchi zote mbili, dirisha kwa dirisha. Huyu anakugongea muhuri wa kutoka, mwenzake anakugongea wa kuingia.

Tulipotoka pale shangazi akasimama, akalitazama lile jengo, akasema, "Ungeniambia miaka ile kwamba itakuwa hivi, ningekuona mwongo."

Miaka ile ni ile ya mpaka kufungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokuwa inasambaratika, Februari 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwenye vitabu ni mistari miwili mitatu. Kwa watu wa Holili ilikuwa ndugu kukatwa na ndugu. Shangazi alikuwa msichana. Mama yake mkubwa alikuwa ameolewa Taveta, mwendo wa mguu tu kutoka nyumbani kwao. Mama yule alipofariki, habari ilivuka usiku kwa njia za panya, na waliotaka kwenda kuzika walijadiliana hadi kukakucha, kisha wakaogopa. "Tulilia tukiwa huku," alisema, "na moshi wa jikoni kwao tunauona."

Nilimwuliza, mpaka ulipofunguliwa walifanya nini? Akasema hawakufanya lolote la haraka. Watu walisubiri kuona nani atapita kwanza. Walioanza ni wafanyabiashara, kisha ndugu, kidogo kidogo. Wengine, alisema, hawakurudia tena kuvuka hadi wakafa, ingawa geti lilikuwa wazi.

Tulipata matatu ya Mombasa pale stendi ya Taveta. Mji huu mdogo uliozungukwa na migomba na mashamba ya mkonge una cheo cha zamani ambacho wengi wetu tumekisahau: ulikuwa kituo cha mapumziko. Karne ya 19, misafara iliyotoka Mombasa ilikatiza nyika ya Taru isiyo na maji, ikapita Taita, na ikifika Taveta ikatua mizigo. Palikuwa na msitu mnene, maji ya mto Lumi na chakula cha kununua. Wapagazi waliuguza miguu, viongozi wa misafara walikusanya habari za mbele, na hakuna aliyehesabu siku hizo kuwa zimepotea. Baada ya hapo ndipo walipopanda Uchagani.

Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuja kwa upande huu huu, akitokea Rabai karibu na Mombasa na akiongozwa na Bwana Kheri, akaiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Huko London mabingwa wa jiografia walibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1861 Baron Carl Claus von der Decken naye akafunga safari kutoka Mombasa kuja kuhakikisha. Mlango wa kuingilia Kilimanjaro ulikuwa Mombasa. Pembe za ndovu ziliteremka kwa njia hii, nguo na shanga zikapanda.

Kilichoubadilisha mlango ni mstari wa mwaka 1886. Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari uliotoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria. Mstari ule umenyooka, isipokuwa ulipofika kwetu ukapinda kuuzunguka mlima. Kilimanjaro ikabaki kwa Wajerumani, Mombasa kwa Waingereza. Hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima huu inapendwa sana na waongoza watalii, ila ni hadithi tu. Yalikuwa mapatano ya mezani: wewe chukua mlima, mimi nibaki na bandari. Wajerumani wakalazimika kutafuta bahari yao wenyewe, wakajenga reli kutoka Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Tangu hapo uso wa Moshi ukageuzwa, ukatazama Tanga, na baadaye Dar.

Matatu ikapita karibu na kilima cha Salaita. Hapo Februari 1916 majeshi ya Uingereza na ya Wajerumani yalipigana vikali, na mwezi uliofuata Waingereza wakapenya hadi Moshi. Walikuwa wakijenga reli ya vita kutoka Voi, wakaisogeza mpaka Kahe ikaungana na ile ya Tanga. Ajabu ni kwamba mlima na Mombasa viliunganishwa tena na bunduki, kwa sababu askari walihitaji maji, chakula na risasi. Tuta la reli hiyo bado utaliona hapa na pale kando ya barabara. Treni ya abiria imebaki kwenye simulizi za wazee.

Baada ya Salaita ni mbuga ya Tsavo Magharibi. Zamani kipande hiki kilikuwa vumbi tupu, na msafiri alifika Mwatate akiwa na rangi ya udongo. Mradi wa barabara ya Arusha, Holili, Taveta hadi Voi, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, umemaliza habari hiyo. Tembo walisimama mbali kidogo na lami, wekundu kwa udongo wa Tsavo. Shangazi akanigusa begani: "Wamepakwa?" Kijana wa Kitaita aliyekaa mbele yetu akageuka na kumweleza taratibu kwamba wanajimwagia mchanga, na mchanga wa huku ni mwekundu. Kuanzia hapo wakawa marafiki. Alimwonyesha milima ya Taita, akamtajia Bura, Mwatate, mashamba ya mkonge, na tulipoingia Voi alimsaidia kununua ndizi dirishani asiuziwe bei ya mgeni.

Kutoka Voi unaingia barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na utulivu umekwisha. Ni malori, malori, malori. Maungu, Mackinnon Road, Samburu, Mariakani, Mazeras. Joto linapanda kadiri unavyoshuka, minazi inaanza kujitokeza, na hewa inakuwa nzito. Kisha Changamwe, kisha daraja la Makupa, na dereva akasema, "Haya, tumeingia kisiwani." Shangazi akatazama kulia na kushoto. Alidhani kisiwa lazima uingie kwa mashua. Mombasa haikupi nafasi hiyo kwa upande wa bara. Unakatisha mkono wa bahari ukiwa umekaa kwenye kiti chako, na kama ulikuwa unatafuta chenji mfukoni, hukuona kitu.

Tulikubaliana mapema tusifukuzie mambo mengi. Mwenye siku chache akitaka kuona kila kitu hurudi na uchovu na picha. Diani tuliiacha, Nyali tuliiacha. Tulichagua Mji wa Kale, Ngome ya Yesu na ukingo wa bahari pale Mama Ngina, basi.

Ngome ile ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696 hadi ikaanguka 1698, na Waingereza walipokuja wakaifanya gereza hadi miaka ya 1950. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO. Shangazi aliipitia kwa heshima lakini kwa haraka. Kuta nene hazikumshangaza kama kahawa.

Maana jioni, kwenye kibaraza cha Mji wa Kale, alipita muuza kahawa na dele lake la shaba na vikombe vidogo visivyo na mkono. Tukaketi. Shangazi amezaliwa kwenye kahawa. Babu yake alikuwa na mibuni tangu enzi za KNCU, ule ushirika wa wakulima wa Kilimanjaro ulioundwa mwaka 1933. Amechuma kahawa, ameimenya, ameianika, ameilinda na mvua. Kuinywa hakuwa na mazoea. Kwetu kahawa ilikuwa ada ya shule, ilikwenda mnadani Moshi, ikaondoka. Chai ndiyo iliyonywewa. Akapokea kikombe, akanusa tangawizi, akaonja, akakunja uso, akaonja tena.

"Hii inatoka wapi?" akamwuliza muuzaji.

"Mimi naijua ya dukani, mamangu," akajibu yule bwana, na watu wote barazani wakacheka. "Keti unywe. Ya pili ni ya bure kwa mgeni."

Alikunywa ya pili. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejihesabia, "Miaka yote hii naiuza tu."

Lakini lililonifungua macho zaidi lilitokea kesho yake asubuhi, pale Mama Ngina chini ya mibuyu. Maji yalikuwa yamekupwa na miamba imeachwa wazi. Shangazi akauliza maji yamekwenda wapi, kama mtu aulizavyo jirani aliyehama bila kuaga. Nilipokuwa namweleza habari za kupwa na kujaa, meli kubwa ya makontena ikaingia mlangoni kuelekea Kilindini. Mlango ule ni mwembamba, kwa hiyo meli hupita karibu hasa na unawaona mabaharia wakitembea. Makontena yalikuwa yamepangwa kama ghorofa, mekundu, ya buluu, ya kijani. Shangazi akanyamaza, akayatazama, kisha akasema, "Haya si ndiyo yale yanayopita kwetu?"

Ndiyo yale. Baadhi ya makontena yanayoshushwa Kilindini hupandishwa kwenye malori, yakapita Voi, Taveta na Holili hadi Moshi na Arusha. Alikuwa akiyapisha barabarani kila siku ya gulio. Maharage yake nayo, kwa mkono wa dalali na dalali mwingine, huenda hufika sokoni Kongowea. Mizigo iliijua njia hii miaka yote. Kontena lilikuja, gunia likaenda. Aliyebaki pale pale ni mtu.

Nimelifikiri jambo hilo sana baadaye. Bahari iliwahi kuwa mbali kwetu kwa sababu za kweli. Mwaka 1886 wakubwa waliketi mezani na kuukata mlima kutoka kwenye bandari yake. Mwaka 1977 geti lilifungwa, na aliyelivuka akaitwa mkosaji. Baadaye ikawa vumbi la Tsavo na matatu mbovu. Hizo zote zilikuwa sababu, na mtu mwenye akili alibaki nyumbani. Lakini sababu hizo zimeondoka moja baada ya moja. Geti lilifunguliwa 1983. Mkataba wa jumuiya mpya ulianza kutumika mwaka 2000, na tangu 2010 tuna itifaki ya soko la pamoja inayompa raia wa nchi wanachama haki ya kutembea huku na huku. Lami imefika. Maofisa wamekaa jengo moja. Kilichobaki kinatuzuia ni kwamba hatuendi, na hatuendi kwa kuwa hatujawahi kwenda.

Mbuzi aliyefungwa kamba siku nyingi, ukimfungua asubuhi, jioni utamkuta bado anakula ndani ya duara lilelile. Nyasi za nje ya duara anaziona. Shingo yake ndiyo inayomwambia kwamba hazifikiki.

Nadhani kila mtu ana duara la namna hiyo, na mara nyingi kamba ilikatika zamani. Kuna aliyeacha kumtembelea kaka yake kwa ugomvi wa mipaka ya shamba. Shamba limeshauzwa, wote wawili ni wazee, na bado hawatembeleani. Kuna mwanamke aliyeambiwa akiwa darasa la tano kwamba hesabu si fani yake, akaziogopa hadi leo anapoendesha duka kubwa na kukokotoa faida kichwani. Kuna mzee anayesema pasipoti ni ya wenye pesa, kwa kuwa wakati wa ujana wake ilikuwa hivyo. Ukiwauliza, kila mmoja atakupa sababu. Sababu yenyewe ilikuwa ya kweli. Shida ni kwamba haijapitiwa upya tangu ilipowekwa.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa siku za kusubiri. Ukiwa na ratiba iliyojaa, unapita kwenye njia uliyoizoea kwa sababu ndiyo inayokufikisha. Huna nafasi ya kujiuliza mbona hatupiti kule. Simu ikiingia kwamba kikao kimeahirishwa, basi limeharibika, au mzigo unangoja karatasi, ratiba inaanguka chini na wewe unabaki umesimama njia panda na saa zako mkononi. Wengi tunazijaza kwa kulalamika na kutazama simu. Misafara ya zamani ilipokwama Taveta iliponya miguu na kuuliza habari za mbele. Ilijua kwamba anayepumzika vizuri ndiye anayefika.

Sisemi kila siku ya kungoja igeuzwe safari. Kuna kungoja kwa mgonjwa, kuna kungoja kwa mtu asiye na nauli, na huko hakuna la kufundishana. Nasema kuhusu zile siku ambazo tumbo limeshiba, mfuko una akiba ndogo, na kinachokosekana ni ruhusa tu ya kujipa wenyewe. Siku hizo ni nyingi kuliko tunavyokiri.

Nilikwenda Nairobi kwenye kikao changu baada ya kumrudisha shangazi Holili. Kikao kilikwenda vizuri, ingawa yaliyosemwa siyakumbuki yote. Shangazi anaendelea na gulio lake. Amebadilika kwa jambo moja: sasa anapouza maharage, humwuliza dalali yanakokwenda, na akitajiwa mji, huuliza nauli ya kufika huko ni kiasi gani. Majuzi alinipigia simu kuniuliza Malindi iko wapi ukitoka Mombasa.

Kwa hiyo, msomaji, ukijikuta umekwama Holili, Himo au popote katika miteremko hii na una siku mbili za bure, kata hati yako, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, badilisha shilingi kidogo za Kenya kwa mtu anayeaminika, na panda matatu ya asubuhi pale Taveta. Mchukue mzee mmoja wa nyumbani ambaye hajawahi kwenda. Na kama Mombasa si yako, kaa chini uandike sehemu tatu zilizo karibu nawe ambazo hujawahi kufika, au watu watatu walio karibu ambao huwatembelei. Mbele ya kila jina andika sababu. Kisha chunguza kama sababu hiyo bado iko hai. Ukikuta imekufa, funga safari kabla mwaka haujaisha.